Mpaka Kwanza, Dola Baadaye

Mlioshuhudia ile parseli ya Munigi ikiuzwa, mlimwona komisionere, yule dalali, akianza vizuri. Alimfikisha mnunuzi pale mara mbili, ya pili mvua ikinyesha, na bei akaishusha bila kelele. Haya, hongera yake. Halafu akaharibu kazi yote kwa maneno machache: "Lipa tu, majirani tutawaona kesho."

Kesho? Munigi hapa tumekaa juu ya lava. Ile ya Januari 2002 ilitokea kwenye nyufa za upande huu huu, ikateremka mjini Goma hadi Ziwa Kivu. Mpaka wetu ni mawe yaliyopangwa, na jiwe la volkano halina mizizi. Usiku mmoja unatosha kulihamisha.

Dola zikiwa bado mfukoni mwa mnunuzi, muuzaji ana subira ya ajabu: ataonyesha kila kona, atamwita jirani, atamfuata hata shefu nyumbani kwake. Zikishahesabiwa, anayebisha milango ni mnunuzi. Na ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi jirani wa upande wa juu akasema ukuta umemwingilia hatua tatu. Muuzaji hapatikani kwenye simu. Komisionere naye eti kazi yake ni kukutanisha watu. Kukutanisha watu hata muuza chai anaweza!

Nimelalamika miaka mingi juu ya kamisheni inayoliwa pande zote mbili. Anayekula siku dola zinapohesabiwa ataiharakisha siku hiyo. Na wapo bado wanaomwambia mteja kwamba Munigi "ni Goma tu". Munigi iko Teritwari ya Nyiragongo, chini ya usheferi wa Bukumu. Karatasi ya shefu inaonyesha kwamba mliuziana. Haki yenyewe, kwa sheria ya 20 Julai 1973, ni sertifika ya usajili ya konsevateri wa hati za ardhi. Mteja aelezwe hayo kabla hajafungua mfuko.

Mzee aliyenifundisha kazi hii ya ukomisionere, kabla ya lava, hakuwa na simu ya kutuma picha. Alikuwa na kamba yenye mafundo. Aliwaita majirani wote wanne, kila mmoja akasimama kwenye kona yake na kutaja mpaka wake kwa sauti, huku mnunuzi bado ameukumbatia mfuko. Dola zilihesabiwa baada ya hapo. Bia ya Primus ilifunguliwa mwisho kabisa, na chupa ya kwanza alipewa jirani.