Vielezi vya Kihispania si -mente peke yake

Vitabu vya Kihispania nilivyovitumia huingia katika vielezi kwa mlango mmoja: chukua kivumishi, kiweke katika umbo la jinsia ya kike, kisha ongeza -mente. Lento huwa lenta, halafu lentamente, yaani polepole. Kanuni ni sahihi, na historia yake inapendeza. Mente ilitokana na nomino ya Kilatini yenye maana ya akili, nayo ilikuwa ya jinsia ya kike. Ndiyo maana kivumishi hufuata jinsia hiyo hadi leo. Ndiyo maana pia vielezi viwili vikiunganishwa, cha kwanza hubaki bila mkia: lenta y claramente.

Lawama yangu ni kwamba kanuni hii hupewa nafasi kubwa kuliko kazi yake. Anayetaka kuambiwa jambo polepole huomba kwa neno despacio, lisilo na -mente. Bien, mal, siempre na aquí nayo hayana. Tena, tunaposema "kwa uangalifu", Kihispania husema con cuidado: kihusishi na nomino, kama sisi. Mwanafunzi wetu anaujua muundo huo tayari, lakini haonyeshwi.

Penye tabu hasa ni "sana". Kwetu ni neno moja: nimechoka sana, nilisoma sana. Kihispania hugawa. Muy hutangulia kivumishi au kielezi (muy cansado, muy bien). Mucho huandamana na kitenzi (leí mucho). Katika darasa la jioni nililohudhuria hapa Kampala, nilisema "mucho cansado" kwa majuma kadhaa. Mwalimu alinisahihisha kila mara bila kueleza sababu, nami nikadhani tatizo ni matamshi yangu!

Upatanisho nao hutuponza. Wanawake wakiwa wengi, ulimi wetu unataka "ellas hablan muchas", ilhali kielezi hakipatani na mtu: ellas hablan mucho.

Hapo walimu wa Kiswahili tusicheke. Ni mara ngapi tumefundisha vi- ya "wanaimba vizuri" bila kuitenga na vi- ya "vitabu vizuri"? Muhula uliopita nilikuta katika daftari la mwanafunzi: "Watoto waliimba wazuri." Alikuwa amepatanisha kwa uaminifu, kama tulivyomfundisha. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika "kosa", nikafungua ukurasa uliofuata.