Chane Kumi na Mbili

Ukili ni ukanda mrefu uliosukwa kwa chane za ukindu, nao ndio mwili wa mkeka wa pwani ya Afrika Mashariki. Mkeka hausukwi mzima. Husukwa ukili, kisha ukashonwa ukingo kwa ukingo, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka upana utakiwao upatikane. Lamu, Pemba, Mafia, kazi hii kwa desturi ni ya wanawake, na haidai chumba wala meza: ukili husukwa barazani, njiani, katikati ya maongezi, huku sehemu iliyokwisha ikiviringishwa kama gurudumu. Mtoto huanza na chane chache, ukili mwembamba wa kuchezea. Vidole vikishazoea, hukabidhiwa sehemu ya mkeka wa kweli, itakayoshonwa pamoja na sehemu za wakubwa. Hapo mchezo umekwisha.

Ukindu wenyewe ni majani machanga ya mkindu, yakatwayo yangali yamefumba. Huanikwa mpaka yakawa meupe, yakachanwa kwa ukucha au ncha ya kisu, na yanayotakiwa rangi huchemshwa nayo.

Vipimo vya ukili vimo mwilini. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Pima moja ni mikono minne, na mkono mmoja, kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni shubiri mbili. Mkeka wenye urefu wa pima moja, yaani shubiri 8, na upana wa shubiri 5, una eneo la shubiri mraba 40. Ukili wa vidole vitatu una upana wa robo shubiri hivi. Gawa 40 kwa robo, zinapatikana shubiri 160 za ukili, sawa na pima 20. Mtoto anayesuka nusu pima kwa siku ataumaliza kwa siku 40, mradi asiruke hata moja.

Lakini pima ya nani? Mtoto akinyoosha mikono yake, huenda akapata mikono mitatu tu ya bibi yake. Anaweza kuleta pima 20 kwa moyo mweupe kabisa, na zikipimwa upya zikawa 15. Hajadanganya, amehesabu vema kwa kipimo kisicho cha mkeka.

Kosa la pili ni la siri zaidi. Chane huwa fupi na ukili mrefu, kwa hiyo kila inapokaribia kuisha, nyingine hupachikwa kando ya mkia wake. Msukaji mzoefu hufanya hivyo bila kutazama. Mtoto aliyegeuka kumwangalia mwenzake anayepita husahau kupachika, na chane 12 zikawa 11. Suko halifumuki wala halikatiki. Linaendelea kupendeza, ila limepungua sehemu moja kati ya kumi na mbili, na jicho haliwezi kuuona upungufu huo. Bibi halitegemei jicho: huulaza ukili juu ya vidole vyake vitatu, akauvuta taratibu, na pale kidole cha tatu kinapochungulia husimama. "Hesabu chane zako," husema, na mtoto huhesabu. Ikiwa upungufu ulianza pima ya kumi, pima 10 zilizofuata zimepoteza sehemu kumi za kumi na mbili za pima, yaani zaidi ya mikono mitatu. Dawa ni mbili: kufumua mpaka pale chane iliposahaulika, au kusuka fidia ambayo bado haitauondoa wembamba ule. Wenye mikono mizuri hufumua. Ni adhabu isiyohitaji fimbo, kwa kuwa aliyeikadiria ni hesabu yenyewe.

Sasa fumbo. Mkeka wa pima moja kwa shubiri 5 umekula pima 20. Unatakiwa mwingine, urefu mara mbili na upana mara mbili. Ukili uwe pima ngapi? Mtoto hujibu 40, na watu wazima wengi nao hujibu 40. Tandika mikeka midogo sakafuni, miwili kwa miwili, na jibu linalala hapo: mikeka minne, pima 80. Mtego huu una ukoo wa kale. Katika *Meno*, maandishi ya Plato ya karne ya 4 kabla ya Kristo, Socrates anamtaka kijana mtumwa aongeze mraba mara mbili. Kijana anaongeza upande mara mbili, akapata mraba mara nne. Socrates anamtoa kwa kuuchora mstari wa mshazari, kona hadi kona.

Msukaji angeutambua mstari huo mara moja, kwani ndio njia ya kila chane. Hakuna chane iendayo wima katika ukili: zote hukata mshazari, zikafika ukingoni, zikakunjwa, zikarudi. Kwa hiyo kila pima ya ukili humeza pima moja na takriban sehemu mbili za tano za kila chane. Kwa chane 12 na ukili wa pima 20, jumla inafika kama pima 340, zaidi ya meta 600 za ukindu uliochanwa, bila kuhesabu mikia iliyopachikwa. Ndiyo maana furushi lililoonekana kubwa asubuhi huisha kabla ya mkeka.

Urembo una hesabu yake. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji, alichunguza sipatsi, vikoba vya kusuka vya Inhambane, akaonyesha kwamba idadi ya chane lazima igawanyike kwa idadi ya chane zinazorudiwa na pambo. Isipogawanyika, pambo halikutani linapozunguka kikoba, na kosa hilo hufanyika kabla suko la kwanza halijakazwa.

Mshono ni wa mkubwa: sindano nene, uzi wa ukindu, ukingo ukishikwa na ukingo. Mtoto hupewa kisu kidogo apunguze mikia ya chane iliyochomoza upande wa chini. Kila mkia ni mahali palipopachikwa chane mpya, na katika sehemu yake huwepo mmoja ambao anaukumbuka.