Ayubu na Mfugaji wa Isiolo: Subira, Ukweli na Tumaini

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuzitia tendi za kidini katika kapu moja: kwamba humliwaza mnyonge ili asiulize ni nani aliyemfanya mnyonge. Rai hiyo ilipata nguvu katika miaka ya 1970, wala haikukosa msingi. Makala haya yanadhamiria kuipima kwa kuurejelea Utendi wa Ayubu, uliochapishwa na Alice Werner katika miaka ya 1920, kwa jicho la msomaji wa Isiolo.

Uteuzi wa mahali si wa kubahatisha. Katika Biblia, Ayubu ni mfugaji mwenye kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500, naye hupoteza vyote kwa siku moja. Kwa Mborana wa Garba Tulla au Merti, orodha hiyo si pambo la kale. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, wenyeji walikusanywa katika vijiji vya lazima, na mifugo yao mingi ikafa, ikachukuliwa au ikapigwa risasi. Tofauti ni kwamba msiba wa Ayubu husimuliwa kama mtihani, ilhali msiba wa mfugaji ulitokana na amri za serikali. Mahubiri yakiwalinganisha wawili hawa bila kuitaja tofauti hiyo, dhuluma hugeuka kuwa kudura, na mdhulumu hutoweka. Hapo wahakiki wetu walisema kweli.

Walichokosea ni kudhani kwamba kosa hilo ni la maandiko yenyewe. Biblia haiwafichi wanyang'anyi: inawataja Waseba na Wakaldayo. Kisha kwa sura nyingi Ayubu anaidai haki yake mbele ya Mungu. Kurani ina ufupi zaidi. Katika Sura ya 21, Ayubu anamwambia Mola wake kwamba dhara imempata. Katika Sura ya 38 anaamriwa apige ardhi kwa mguu, yanatoka maji ya kuoga na ya kunywa, naye anasifiwa kuwa mwenye subira. Aliyelitamka dhara lake ndiye anayeitwa msubirifu. Kwa hiyo subira si kunyamaza.

Utendi, kwa kuwa ni masimulizi, huyarefusha mateso na uvumilivu wa Ayubu na mkewe. Msikilizaji aweza kuondoka akikumbuka jeraha na kuisahau kauli. Hilo ni suala la fani, wala halitoshi kuihukumu imani.

Yaweza kujibiwa kwamba kumlalamikia Mungu si kuishtaki serikali. Ni kweli. Ila sheria iliyopitishwa Kenya mwaka 1970 iliwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa matendo yao ya miaka ile, Isiolo ikiwamo. Pale mlango wa mahakama ulipofungwa, kitabu kilichomruhusu mtu kusema kwamba amedhurika hakikuwa kasumba. Kilihifadhi kauli ambayo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja kuiandika katika ripoti yake ya 2013.

Msimamo wetu, basi, ni kwamba tumaini la Ayubu hutanguliwa na ukweli. Mhakiki anayelipuuza tumaini hilo, na mhubiri anayeuruka ukweli huo, wote wawili wamesoma nusu ya kisa.