Mbona Farasi Aliyeshinda Mara Tatu Sasa Anakuwa wa Nane?

Karibu kila anayeanza gemu la kuendesha zizi la farasi wa mbio huja na swali hili, na huliuliza kwa uchungu. Kanunua farasi jike wa bei ya chini, kamfanyisha mazoezi wiki kadhaa, kamwingiza mbioni akashinda. Akashinda tena. Akashinda na ya tatu, hela zikaingia, akaanza kupiga hesabu za mbio kubwa zenye vikombe. Ya nne akawa wa nane, ya tano wa kumi na moja. Mchezaji anaongeza mazoezi, farasi anazidi kudorora, chakula na mshahara wa mkufunzi vinakata mtaji, msimu unaisha kwa deni. Anahitimisha kwamba farasi amechuja, au gemu linamwonea. Si hilo wala lile. Farasi ni yuleyule; kilichoongezeka ni mzigo mgongoni mwake.

Machalii wengi wa Arusha wanaolishika gemu la aina hii wametokea kwenye gemu za kuendesha timu ya mpira. Kule ukishinda unapata hela, unasajili, unazidi kuwa na nguvu, na hakuna anayekuja kukufunga mawe miguuni kwa sababu unaongoza ligi. Wengine wamewajua farasi kwenye luninga za maduka ya kubeti, zile mbio za kompyuta ambazo mshindi hutolewa na namba za nasibu. Pale hakuna cha kuchambua. Kuna hela ya kupoteza tu, na ningependa kijana anayependa farasi aelewe mapema kwamba gemu la zizi ni kitu kingine kabisa. Mbio zenyewe tungeweza kujifunza kwa macho, lakini kiwanja kilicho karibu nasi kiko ng'ambo ya Namanga: Ngong Racecourse ya Nairobi, inayoendeshwa na Jockey Club of Kenya. Kwa hiyo mchezaji wa huku anafika kwenye gemu bila kuwahi kusikia habari ya uzani, na uzani ndio roho ya mchezo.

Mbio nyingi za daraja la chini na la kati, kwenye gemu na kwenye viwanja halisi, ni za kusawazishwa. Kila farasi ana kiwango, yaani namba inayosema uwezo wake kwa pauni. Mwenye kiwango kikubwa hubeba uzani mkubwa, kwa kutiwa vipande vya risasi kwenye tandiko, ili wote wakaribiane mwishoni. Ukishinda, mpima viwango anakupandisha. Ukishindwa mfululizo, anakushusha.

Tuchukue mfano. Farasi jike wetu anaanza na kiwango cha 60. Anashinda mbio ya maili moja, mita 1,609, akimwacha wa pili kwa urefu wa farasi watatu. Uingereza, ambako hesabu hizi zilikomaa, urefu mmoja kwenye maili huhesabiwa takriban pauni 2. Kwenye mbio fupi za mita 1,000 ni pauni 3, na kwenye zile ndefu za mita 3,000 na zaidi ni pauni 1. Urefu watatu mara pauni 2 ni 6, basi anapanda hadi 66. Mbio ya pili na ya tatu anakutana na wapinzani hafifu, anashinda, anapanda hadi 70, kisha 73. Jumla pauni 13, karibu kilo 6. Sasa mrudishe mbioni na yule aliyemwacha siku ya kwanza, ambaye kiwango chake hakikuguswa. Pauni 13 kwenye maili ni urefu sita na nusu. Toa ule urefu watatu aliomwacha nao mwanzo: mpinzani anashinda kwa urefu watatu na nusu, na hakuna kati yao aliyeongeza au kupunguza kasi hata chembe.

Ndiyo maana mazoezi hayamsaidii. Mazoezi yanaweza kumwongezea pauni mbili tatu kwa mwezi, huku ushindi mmoja wa mbwembwe ukimgharimu sita kwa siku moja.

Nilimtazama mchezaji mzoefu akipokea zizi la namna hiyo, farasi jike akiwa na 73 na mbio mbili za aibu. Ukurasa wa mazoezi hakuugusa. Alifungua historia ya farasi, akapitia umbali alioachana na wapinzani kwenye kila ushindi: urefu watatu, urefu wawili, shingo. Pengo lilikuwa linafinyika hata kabla hajashindwa, na hapo ndipo mwenye zizi alipaswa kusoma kwamba uzani umemfikia. Kisha akaingia kwenye kalenda, akachuja mbio moja baada ya nyingine, akaacha zile za kusawazishwa zote. Akachagua mbio ya majike watupu, ya uzani kwa umri, ya mita 1,400. Katika mbio za namna hiyo kiwango kinakufungulia au kinakufungia mlango, lakini hakikuongezei mzigo. Farasi akawa wa pili, akalipwa zaidi ya alivyolipwa kwa ushindi wake wa kwanza. Akampumzisha. Mbio mbili za aibu nazo zikafanya kazi yake: mpima viwango akamshusha, akarudi kwenye mbio za kusawazishwa akiwa mwepesi tena.

Uzani kwa umri unahitaji maelezo kidogo, maana hapo wageni wanatupa hela. Farasi wa miaka mitatu bado anakua, kwa hiyo akikimbia na wakubwa hupunguziwa mzigo, na punguzo hilo ni kubwa mwanzoni mwa mwaka, hupungua mwezi hadi mwezi, na huwa kubwa zaidi mbio zikiwa ndefu. Jedwali la kwanza linaloheshimika lilipangwa na Admiral Rous wa Uingereza katika karne ya 19, na mantiki yake imo ndani ya gemu nyingi mpaka leo. Majike nao hupunguziwa wakikutana na madume. Kwenye Derby ya Epsom, kwa mfano, ni pauni 3.

Swali la pili kwa kuulizwa ni kama farasi wa mbio fupi anaweza kufundishwa mbio ndefu. Kwa kiasi kidogo tu. Mwaka 2010 watafiti wa University College Dublin, wakiongozwa na Emmeline Hill, walionyesha kwamba jeni moja, la myostatini, linalodhibiti ukuaji wa misuli, linaeleza sehemu kubwa ya umbali unaomfaa farasi wa damu safi. Mwenye nakala mbili za aina C hujaa misuli mapema na huwa wa mbio fupi. Mwenye nakala mbili za T huchelewa kukomaa na hupenda mbio ndefu. Mwenye moja ya kila aina hukaa katikati. Gemu nyingi huliweka jambo hili kama mstari wenye mwanzo na mwisho, tuseme mita 1,200 hadi 1,600. Ukimpeleka nje ya mstari huo, pumzi inakatika mita mia mbili za mwisho na hakuna joki wa kumwokoa. Umbali wa farasi ujue kabla ya kumnunua.

Kuhusu namna ya kukimbia, mtu wa Arusha ana mwalimu wa nyumbani. Gemu litakuuliza kama farasi wako aongoze toka mwanzo, akae nyuma ya viongozi, au abaki mkiani aje kumalizia. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliijibu hoja hiyo mbele ya dunia nzima tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alichomoka mara tu mlio ulipotoka, akapita mita 800 kwa takriban dakika 1 na sekunde 52, akamaliza kwa 3:32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand alimkimbiza hadi utepeni na bado akawa wa pili, ingawa naye aliivunja rekodi ya zamani. Itazame mbio ile kwa jicho la mwenye zizi. Bayi hakuwa na haja ya kuwa na umaliziaji mkali kuliko Walker. Alihitaji mwanya ambao Walker angelazimika kuula kwa nguvu zilezile alizozitunza kwa ajili ya mwisho, na kwa kuwa mbele peke yake hakubanwa na mtu wala hakuzunguka mtu.

Ndivyo ilivyo kwenye gemu. Kiongozi anafaidi pale anapokuwa peke yake. Kabla ya kumpa joki maagizo, hesabu kwenye orodha ya washiriki ni wangapi wanaopenda kuongoza. Akiwa wako tu, mwachie aende. Wakiwa wanne, watauana kwa kasi mita 600 za kwanza, na hapo ndipo mmaliziaji aliye mkiani anavuna. Angalia na hali ya kiwanja, kwa sababu nyasi zilizolowa huwachosha wote mapema na kuwavuta chini wale wanaotegemea mchomo mmoja wa mwisho.

Kwa kuwa hapa tunaishi karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, wengi hufikiri farasi naye anahitaji kambi ya milimani kama wanariadha wetu. Mwili wa farasi umepangwa tofauti. Bandama lake ni kubwa na huhifadhi chembe nyekundu za damu. Anapotimua mbio, bandama hujikamua na damu inakuwa nzito kwa chembe hizo ndani ya muda mfupi sana. Gemu ninazozifahamu hazina kambi ya mwinuko, na hazijapunjwa chochote kwa hilo.

Siku ya kuzaliwa nayo huwachanganya watu. Farasi wote wa mbio wa upande wa kaskazini wa dunia hutimiza mwaka tarehe 1 Januari, na wengi wa upande wa kusini tarehe 1 Agosti, hata kama mtoto amezaliwa wiki moja kabla. Gemu lisipokwambia, utamwona kitoto kikiruka umri ghafla.

Uzalishaji uache msimu wa kwanza. Najua ndio unaovutia zaidi, na ndio uliozipa gemu hizi jina tangu Derby Stallion ilipotoka Japani mwaka 1991, ambamo mchezaji huchagua mbegu, hulea kitoto na kukipeleka mbioni. Lakini mimba ya farasi ni miezi 11, na kitoto hakikimbii mpaka kifikishe miaka miwili. Muda wote huo unakilisha. Mtaji wa mgeni hauvumilii hivyo. Nunua farasi aliyekwisha kukimbia, ambaye historia yake inasomeka.

Kuna swali ambalo wachezaji wa Arusha huuliza na wa London hawaulizi: magonjwa yako wapi? Swali zuri sana. Wanaokaa kuzunguka Mlima Meru wanajua kwamba farasi si mnyama rahisi huku. Punda wanabeba maji na mizigo kila siku, lakini farasi wako kwenye mashamba machache ya wapandaji na safari za watalii. Sababu moja kubwa ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Virusi vyake huenezwa na vijidudu vidogo vya kuuma vya jamii ya Culicoides, vinavyoruka zaidi kuanzia machweo hadi alfajiri, na farasi asiye na kinga akiambukizwa mara nyingi hufa. Pundamilia hubeba virusi hivyo huku akila majani kana kwamba hana habari. Pale chini ya Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, pundamilia ni wakazi wa kudumu. Punda naye huvistahimili kwa kiasi kikubwa, na hilo linasaidia kueleza kwa nini yeye amejaa barabarani na farasi hakuenea.

Gemu zilizotengenezwa Japani, Uingereza au New Zealand hazina habari hiyo. Ndani yake ugonjwa ni kikohozi cha wiki mbili. Mimi ningetamani sana kuona vijana wetu wa programu, wakiwamo wanaosoma Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, wakitengeneza gemu la zizi la Afrika Mashariki. Mbio za punda za Lamu zingekuwa daraja la kuanzia, na Ngong daraja la juu. Kalenda iwe na masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, mvua ziongeze vijidudu, na kila jioni gemu limuulize mchezaji kama farasi wameingizwa bandani kabla ya machweo, kama vyandarua vya madirisha ni vizima, na kama chanjo ilichomwa kabla ya mvua. Zizi lililo karibu na hifadhi lilipe kodi ndogo ya shamba, lakini hatari iwe kubwa zaidi. Hapo mwenye farasi wa kiwango cha 73 angekuwa na uamuzi mgumu: ampeleke Ngong mwezi wa Aprili wakati wapinzani ni wachache, au amfungie ndani mpaka Juni na kuendelea kulipa chakula.