Chatu Mchanga, Tumbo Lililojaa na Baridi ya Mafinga

Anayefuga mtoto wa chatu hapa Mafinga huweza kukutana na jambo la kumchanganya saa chache tu baada ya kumlisha. Panya amemezwa vizuri, tumbo limetuna, lakini nyoka hajikunji akatulia. Anazunguka sanduku lake, anasukuma pua kwenye pembe, anarudi alikotoka, anaanza tena. Mwenye nyoka anaamua kwamba hajashiba, anamwongeza panya wa pili. Usiku unaingia, baridi inakaza, na siku mbili tatu baadaye panya wote wawili wapo sakafuni, wamelowa na wananuka. Ndipo inaposakwa dawa ya minyoo, au lawama zinamwendea aliyeuza panya. Mimi ningeanza kwa kupima joto la sanduku, kwa sababu nyoka yule tangu mwanzo hakuwa anatafuta chakula.

Tuingie kwanza tumboni. Chatu huvizia mawindo, na anaweza kukaa wiki nyingi bila kupata kitu. Mwili wake haugharamii viungo visivyo na kazi: kati ya mlo na mlo utumbo mwembamba husinyaa na tumbo huacha kutoa tindikali. Stephen Secor, mwanafiziolojia wa Marekani, amekuwa akiwachunguza chatu wa Burma, ndugu wa Kiasia wa chatu wetu, tangu miaka ya 1990. Alipopima tumbo la chatu aliyefunga alikuta pH ya 7.5, ambayo haina ukali wowote. Siku moja baada ya kumeza panya, pH ilikuwa imeshuka hadi 2, kisha ikakaa kwenye 1.5 kwa siku kadhaa mpaka mlo ulipotoka tumboni. Yeye na mwenzake Jared Diamond walionyesha pia kwamba utumbo, ini na figo hukua ndani ya siku chache, na kwamba kwa mlo mkubwa sana matumizi ya oksijeni yanaweza kupanda zaidi ya mara 40 ya kiwango cha mapumziko. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watu wengine uliokuta moyo wa chatu umeongezeka kwa asilimia 40 ndani ya saa 48. Hilo la moyo nalichukua kwa tahadhari, kwa kuwa maabara nyingine zilipolirudia hazikuliona kila mara. Mengine yamethibitishwa tena na tena.

Kwa hiyo chatu aliyelala kimya na tumbo limevimba hajapumzika hata kidogo. Yuko katikati ya kazi nzito kuliko zote ambazo mwili wake huzifanya, na kazi hiyo inategemea joto asiloweza kulitengeneza mwenyewe kwa kiasi cha kutosha.

Kundi la Tobias Wang, wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark, lilichapisha mwaka 2002 utafiti ambao ningependa kila mfugaji wa nyanda hizi za juu aujue. Waliwalisha chatu panya wenye uzito sawa na asilimia 20 ya uzito wa nyoka, wakawaweka katika viwango tofauti vya joto, kuanzia nyuzijoto 20 hadi 35, wakapima hewa waliyovuta na kutoa mpaka mmeng'enyo ulipokwisha. Kwenye joto la juu mwili uliamka haraka, ukafanya kazi kwa kasi, ukamaliza mapema. Kwenye nyuzijoto 20 kazi ileile ilichukua muda mrefu zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Cha kushangaza ni kwamba nguvu iliyotumika kwa jumla haikubadilika. Baridi haikuongeza gharama ya mlo. Iliongeza siku.

Na siku ndizo zenye hatari. Panya aliyemezwa mzima anaingia na bakteria wake tumboni, kwa hiyo kuoza kunaanzia ndani yake wakati tindikali ya nyoka inamshambulia kutoka nje. Nyoka mwenye joto hufika kwanza. Nyoka aliyepoa huchelewa, gesi hujaa, na mwili huamua kukitupa kitu ambacho sasa kimegeuka sumu. Sasa angalia namba ile ya 20 iliyokuwa chini kuliko zote katika majaribio ya Aarhus. Mafinga iko zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai hewa hushuka chini ya nyuzijoto 10, na chumba kisicho na moto hakikai mbali na hapo. Yaani hali ngumu kuliko zote waliyoijaribu Wadenmark bado ni ya joto kuliko sebule nyingi za Mafinga alfajiri ya kipupwe. Chatu wa asili wa mkoa huu wa Iringa wanaishi huko chini, Ruaha, penye meta 1,000 hivi, ambako mwamba uliochomwa na jua mchana bado una uvuguvugu usiku.

Turudi kwa yule anayezunguka. Nyoka wengi wakishakula huhamia mahali penye joto zaidi kuliko walipokuwa, ili kazi iishe upesi. Mmeng'enyo wenyewe huleta joto kidogo pia: kwa nyoka wa Amerika Kusini mwenye njuga mkiani, kamera za joto zilionyesha ngozi ikipanda kwa takriban nyuzijoto moja baada ya mlo. Nyuzijoto moja haimwokoi nyoka yeyote Mafinga. Kwa hiyo mtoto wa chatu huondoka kutafuta, na asipopata huendelea kutafuta. Kumwongezea panya wakati huo ni kumzidishia mzigo kabla hajapata nguvu ya kuubeba.

Kwa nini mtoto hasa? Mwili mdogo hupoteza joto haraka, na asili yenyewe inaonyesha kwamba chatu wachanga hawakuumbiwa kukabili usiku wa baridi peke yao. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alifuatilia kwa miaka chatu wa kusini mwa Afrika waliotagia ndani ya mashimo ya mhanga, akachapisha matokeo mwaka 2018. Mama wakati wa uzazi hubadilika rangi akawa mweusi, hutoka kuota jua mpaka mwili wake unakaribia nyuzijoto 40, kisha hurudi shimoni na joto hilo. Watoto wakishaanguliwa hawatawanyiki mara moja. Kwa takriban wiki mbili wanaota jua mchana mlangoni mwa shimo, na usiku wanarudi kulala ndani ya mikunjo ya mama. Mama hawalishi chochote. Lakini watoto hao bado wamebeba kiini cha yai tumboni, na maelezo ya Alexander ni kwamba joto la mama huwasaidia kukimaliza. Mlo wa kwanza kabisa wa chatu, basi, humeng'enywa kwa joto la kuazima. Mtu anayemweka nyoka huyo kwenye boksi anachukua nafasi ya mama yule, apende asipende.

Mfugaji akilishika hilo, tabia nyingine zinasomeka vizuri. Kupiga miayo mara baada ya kumeza si usingizi: mifupa miwili ya taya la chini imeshikana kwa kano tu, imetanuka kupitisha mnyama mzima, na sasa inarudishwa mahali pake. Ulimi unaochezacheza na kichwa kinachofuata kila kinachosogea, katika nusu saa ya kwanza, ni harufu ya panya ambayo bado ipo. Mkono ukiingia sandukuni wakati huo utaumwa bila kosa la nyoka. Kujificha siku mbili tatu na kutoa mlio mkali akiguswa ni ulinzi wa mnyama anayejua kwamba akiwa mzito hawezi kukimbia. Porini, nyoka aliyeshiba akitishwa hutapika ili awe mwepesi wa kutoroka, na ndiyo maana ile desturi ya kumtoa aliyekula jana ili wageni wapige naye picha inaniuma sana. Saa 48 ndicho kipindi kifupi kabisa cha kumwacha bila kumgusa; penye baridi, ongeza.

Kuzunguka nako kuna aina zake. Akitulia upande wa joto na kujikunja, kila kitu kiko sawa. Akizunguka sanduku zima usiku kucha, hakuna mahali penye joto linalomtosha. Akijibana upande wa baridi, au akijitumbukiza kwenye bakuli la maji, huenda umezidisha joto, au ana utitiri. Akipumua kwa filimbi huku mapovu yakitoka mdomoni, baridi imeshafika mapafuni. Hapo atafutwe daktari wa mifugo, na kama wa karibu amezoea ng'ombe na kuku tu, chuo cha tiba ya wanyama kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Joto la kufanyia kazi ni nyuzijoto 30 hadi 32 upande mmoja, na 25 hivi upande mwingine, mchana na usiku, kwa siku zote za mmeng'enyo. Hapa vifaa vinahitaji akili. Balbu za kisasa zinazookoa umeme hazitoi joto la maana. Inatakiwa ile ya zamani ya waya unaowaka, iwe nje ya sanduku au ndani ya wavu, la sivyo nyoka atajizungushia na kuungua. Wanaolea vifaranga mjini hapa wanajua kutumia jiko la mkaa umeme ukikatika, lakini moshi usioonekana wa mkaa katika chumba kilichofungwa unaua nyoka na mwenye nyoka. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye blanketi ni salama zaidi, ilimradi kuna mtu wa kuamka kuibadilisha. Na ingawa viwanda vya mbao vya Sao Hill vimeujaza mji huu maranda ya bure, yale ya paini yaliyo mabichi yana utomvu na harufu kali, tena hung'ang'ania panya aliyelowa na kumezwa naye. Gazeti la zamani linatosha.

Nyanda hizi zina nyoka waliozoea baridi, na mlo wa mmoja wao unafundisha kitu. Mwaka 1930 Arthur Loveridge alimwelezea kifutu mdogo wa milimani aliyepatikana Dabaga, kusini-mashariki ya Iringa, akamwita kwa jina la Thomas Barbour wa makumbusho ya Harvard. Nyoka huyo wa milima ya Udzungwa hula minyoo ya ardhini na viumbe laini: hakuna manyoya, hakuna mifupa mikubwa, hakuna mzigo wa kuoza kwa siku tano. Ana sumu na si wa kufuga, wala hakuna anayepaswa kumtoa msituni. Naamini tu kwamba ukubwa wa mlo ni sehemu ya hesabu ya joto, na hilo tunaweza kuliiga: penye baridi, panya awe mwembamba kuliko sehemu nene ya nyoka, na asizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Chatu mwenyewe naye ni mnyamapori chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, haokotwi shambani na kupelekwa nyumbani bila kibali.

Msimamo wangu ni mkali kidogo kuhusu Juni hadi Agosti. Kama huna uhakika wa joto kwa siku saba mfululizo, usimlishe. Mtoto wa chatu mwenye afya anastahimili wiki kadhaa akiwa na maji safi tu, kwa sababu mwili wake umejengwa kwa kufunga. Kinachomdhoofisha ni mlo uliooza ndani yake. Akitapika, usimpe kitu ili kufidia, kwa kuwa tindikali na ngozi ya ndani ya koo na tumbo vimepata hasara. Safisha sanduku, rekebisha joto, mwache siku 10 hadi 14, mpime kwa mizani ndogo ya jikoni. Panya wa kwanza baada ya hapo awe nusu ya yule aliyetapikwa, na apewe asubuhi, ili saa za mwanzo za mmeng'enyo ziangukie mchana wenye jua.