"Mieleka ya Kulipwa": Istilahi Inayopotosha

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika taarifa za michezo bila kupimwa sawasawa ni hii ya "mieleka ya kulipwa". Hapana shaka iliundwa kwa kufuata mfano wa "ngumi za kulipwa", na kwa umbo lake haina kasoro. Kasoro imo katika dhana. Bondia wa ridhaa na bondia wa kulipwa hutofautiana kwa ujira, lakini wote wawili hupanda ulingoni bila kujua nani atashinda. Mwanamieleka wa WrestleMania, onyesho kubwa la kila mwaka la mieleka ya Marekani, hupanda akijua. Tofauti yake na mwenzake wa Olimpiki haiko mfukoni, bali katika asili ya tendo lenyewe, na istilahi yetu haisemi lolote juu ya hilo.

Isidhaniwe kwamba haya ni maneno ya maadui wa mieleka hiyo. Mwaka 1989 kampuni ya World Wrestling Federation, ambayo leo ni WWE, ilieleza mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba shughuli yake ni burudani wala si mashindano ya kweli, ili iondolewe chini ya usimamizi wa michezo wa jimbo hilo. Basi ofisa wetu akipokea ombi la kibali cha "pambano la mieleka ya kulipwa" alipeleke wapi, kwa wasimamizi wa michezo au wa sanaa? Neno ndilo lingemwongoza, naye hakupewa neno.

Wapo wanaojaribu kuliziba pengo hilo kwa kusema kwamba "matokeo yamepangwa". Hapo wanazidi kuharibu. Katika kandanda kupanga matokeo ni hatia, na msomaji hudhani kuna aliyedhulumiwa. Twaona afadhali kusema matokeo hutungwa, kama itungwavyo tamthilia. Twakiri kuwa neno hilo nalo lina doa, maana habari ya kutunga ni uongo. Lakini likiandamana na "mieleka ya maonyesho" doa hufifia.

Tatizo jingine limo katika neno la asili. Mweleka ni anguko. Kumpiga mtu mweleka ni kumbwaga chini, na kwa kumbwaga huko umemshinda. Katika mieleka ya maonyesho kubwaga si kitu: mtu aweza kubwagwa mara kumi na bado akashinda. Ushindi wa kawaida hupatikana kwa kuyabana mabega ya mpinzani sakafuni hadi mwamuzi ahesabu tatu. Mfasiri aandikaye "alimpiga mweleka" akikusudia ushindi huo amemwambia msomaji jambo jingine kabisa. "Alimbana mabega" ingetosha.

Pia kuna mazoea ya kuliita kila pambano la ubingwa "fainali". Fainali ni mwisho wa mchujo. Pambano la Hulk Hogan na André the Giant mjini Pontiac, 29 Machi 1987, lilikuwa la ubingwa lakini halikuwa fainali: Hogan alikuwa na mkanda, akautetea. Mwaka uliofuata, 27 Machi 1988 huko Atlantic City, mkanda ulikuwa wazi, wakachujwa watu 14, na hapo Randy Savage alimshinda Ted DiBiase katika fainali hasa. Usiku huohuo Brutus Beefcake alimshinda Honky Tonk Man, aliyeondolewa mchezoni, lakini hakutwaa mkanda aliokuwa akiugombea, kwa kuwa katika utaratibu wao ushindi wa namna hiyo kwa kawaida haumvui bingwa mkanda. Mfasiri mwenye haraka angeandika "bingwa mpya". Na WrestleMania ya kwanza, New York, 31 Machi 1985, ilihitimishwa kwa pambano la wawili kwa wawili lisilogombea mkanda wowote. Kwa hiyo "pambano kuu" na "pambano la ubingwa" visibadilishane nafasi.

"Kuondolewa mchezoni" ni kurefu, nasi twalijua hilo. Lakini "kutolewa" kwaweza kuchanganywa na kutolewa katika mchujo, na siku ile ya Atlantic City yalitokea yote mawili: Hogan na André waliondolewa mchezoni kwa pamoja, na kwa sababu hiyo wakatolewa.