Kitendawili Bila Mteguaji

Changamoto za kuandika zimejaa kwenye simu zetu. Siku 30, vichocheo 30. Siku ya kwanza: andika kuhusu ndoto uliyoota. Siku ya pili: andikia barua nafsi yako ya utotoni. Siku ya tatu: andika kuhusu upendo. Ukimaliza siku kumi bila kuruka hata moja, programu inakuwekea alama ya moto, nawe unaiweka WhatsApp watu waone. Hakuna ubaya. Lakini ukifungua daftari lako baada ya miezi kadhaa, unakuta limejaa mianzo. Nusu aya hapa, sentensi tatu pale, na hakuna hadithi hata moja ambayo ungempa rafiki yako asome hadi mwisho. Sasa tumejenga tabia gani, ya kuandika ama ya kuanza?

Nauliza hivyo kwa sababu naamini mazoezi haya yanafaa, na yanafaa zaidi kwa watu kama sisi. Mwaka 1992 Julia Cameron, katika kitabu chake The Artist's Way, alipendekeza kurasa tatu za kuandikwa kwa mkono kila asubuhi. Kuanzia 2000, NaNoWriMo iliwapa watu lengo la maneno 50,000 katika mwezi wa Novemba, yaani karibu maneno 1,667 kwa siku. Mipango yote miwili inadhani una meza, una asubuhi, na hakuna anayekuita. Mtu anayekaa Rongai na kufanya kazi Westlands hana asubuhi ya namna hiyo. Ana dakika 20 ndani ya matatu, simu mkononi, kiwiko cha jirani kimemkaa mbavuni. Kichocheo kifupi kinamfaa kwa sababu kinamwondolea swali linaloua wengi kabla hawajaanza: leo niandike nini?

Ila dakika hizo chache zina tabia yake. Ukiwa na dakika kumi, hutafuti. Unachota kilicho karibu. Kwa wengi wetu tuliosomea hapa Kenya, kilicho karibu ni insha ya shule. Jua lilikuwa limechomoza, ndege wakiimba, nikarauka kama mshale, nikafurahi mithili ya kibogoyo aliyeota meno. Tulizikariri sentensi hizo kwa sababu zilileta alama, na zikatukaa vidoleni. Mtu akiambiwa "andika kuhusu upendo" na saa inakimbia, mkono unaenda wenyewe kwenye ghala hilo. Atatoa methali ya mapenzi na kikohozi, halafu bahari, halafu machozi. Akirudia hivyo siku 30, atakuwa amejizoeza siku 30 kuandika kama mtahiniwa. Mazoezi hayachagui. Unachokirudia ndicho kinachoota mizizi, kiwe kizuri au kibovu.

Vichocheo vya kunakiliwa kutoka mbali vina shida hiyohiyo. Theluji ya kwanza, majani ya vuli, ukimya wa nyumba ya babu kando ya ziwa. Sisemi mtu wa Kayole asiandike kuhusu theluji; hadithi za kubuni zingekufa kama kila mtu angebaki na alichokiona kwa macho yake. Lakini theluji inataka muda wa kusoma, kuuliza na kuwaza. Kwa dakika kumi za matatu, kilicho karibu ni filamu uliyoitazama wikendi, na hicho ndicho utakachoandika.

Kwa hiyo kazi ya kichocheo kizuri ni kukusogezea kitu hai karibu, kisha kukufungia njia rahisi. Chukua hiki: keateka amegonga mlango tarehe sita. Andika mazungumzo yake na mpangaji, bila neno "kodi" wala neno "pesa". Mtu anaweza kujibu hivi:

"Nyanya yako bado mgonjwa?"

"Anaendelea vizuri."

"Hata mwezi jana alikuwa anaendelea vizuri."

"Wazee hupona polepole."

"Sawa. Lakini hii kufuli nimebeba haijui mambo ya wazee."

Kauli tano tu, na tayari tunajua deni ni la lini, uongo umetumika mara ngapi, na usiku huu mtu anaweza kulala nje. Lile katazo la maneno mawili ndilo lililofanya kazi kubwa. Lilimnyima mwandishi sentensi ya kwanza iliyomjia, "Kodi yangu iko wapi?", likamlazimisha kuwasikiliza hawa wawili. Wenye ushairi wa mizani wanalijua jambo hili vizuri. Ukishaambiwa mizani nane kwa nane na kina hakibadiliki, neno la kwanza kukujia mara nyingi halitoshei, na hapo ndipo unapoanza kutafuta.

Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho orodha za vichocheo hazikupi, hata ziwe nzuri namna gani. Hazikupi mtu anayengoja.

Fikiria kitendawili. Ni kichocheo kifupi kuliko vyote tulivyo navyo. Mmoja anasema "Kitendawili!", wengine wanasema "Tega!", na kabla swali halijatolewa tayari kuna ahadi kati ya watu. Wakishindwa, wanatoa mji, na aliyetega analazimika kutoa jibu. Hakuna anayetega kitendawili peke yake chumbani na kuhesabu siku alizotega mfululizo. Angeonekana hana akili timamu, kumbe ndivyo tunavyofanya na madaftari yetu.

Ushairi wa pwani pia ulikua kwa kujibizana. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alitunga kutokana na siasa na maisha ya Mombasa ya wakati wake, na baadhi ya tungo zake ni za kujibizana na watunzi wengine. Kurasa za mashairi katika Taifa Leo zimeendeleza mchezo huo: mmoja anauliza kwa beti, wengine wanajibu kwa beti. Mtunzi anayejua kwamba kuna mtu atamjibu wiki ijayo hawezi kuishia ubeti wa pili. Anamaliza, kwa sababu shairi nusu haliwezi kujibiwa.

Hata upweke wa kulazimishwa haukuvunja mtindo huu. Abdilatif Abdalla alifungwa kutoka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijitabu chake cha Kenya: Twendapi? Humo gerezani aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki, kitabu kilichotoka 1973, na sehemu ya kazi hiyo aliiandika kwenye karatasi za chooni. Simtaji ili tuone aibu kwa kulalamika juu ya jam. Namtaja kwa sababu ya shairi moja lililomo, lile la mnazi, ambamo watu wawili wanavutana juu ya mti mmoja. Mtu aliyetengwa na wasomaji wake alitunga sauti mbili zinazojibizana.

Kuna watakaosema msomaji wa mapema huleta woga. Cameron mwenyewe anashauri kurasa za asubuhi zisionyeshwe kwa mtu. Kwa anayejaribu kupona kutokana na miaka ya kuambiwa hajui kuandika, ushauri huo ni wa busara. Lakini ukitaka kuandika hadithi, siku itafika ambapo usiri utakuwa maficho, maana kitu kisichosomwa na mtu hakikulazimishi kukimaliza.

Basi mpango wangu ni huu, na hauhitaji programu yoyote. Tafuta mtu mmoja, si kundi la watu mia mbili. Jumatatu hadi Alhamisi, tegeaneni kwa zamu: leo yeye, kesho wewe. Kichocheo kiwe na mtu, mahali na katazo moja. Anayepokea ajibu kwa dakika kumi. Aliyetega asitoe sifa wala alama, aulize swali moja tu: na baadaye ikawaje? Ijumaa pumzikeni. Jumamosi kila mmoja achague kipande kimoja kati ya alivyoandika wiki hiyo akifanyie kazi saa nzima. Kipande kikikukamata, acha vichocheo hata wiki tatu ukimalize. Alama ya moto itazimika, na iache izimike.

Kama bado hujampata wa kukutegea, mpangaji wetu hajajibu ile ya kufuli. Mwandikie jibu lake, kisha umtumie mtu kabla ya Jumamosi.